Sahani ya Bluu

Kadidja alipofungua tena mgahawa wa marehemu baba yake, wa kwanza kuingia walikuwa majirani wawili, mvuvi wa kabila la Wagenia na fundi cherehani, wanaogombania mchikichi uliomea kati ya nyua zao. Walikaa meza moja, kila mmoja akitazama kwake.

“Papa yako ndiye alikuwa anatukatia maneno,” mvuvi alinung'unika. “Sasa iko nani?”

Kadidja alikuwa ameshika sahani mbili. Baba yake, alipokuwa akiamua ugomvi wa majirani, hakuwasikiliza wagomvi kabla hawajala pamoja.

Akairudisha moja kabatini. Ile nyingine, ya bluu, iliyobanduka rangi ukingoni, akaijaza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki, akaiweka katikati yao.

“Mukule kwanza,” alisema, akakalia kiti cha baba yake.

Fundi akakisogeza kichwa cha samaki, kipande cha heshima, upande wa mvuvi.