Kikohozi cha Kigari

Zama hizo nyumba ndizo zilizowauguza watu. Nyumba ilisikiliza pumzi za wenyewe usiku na mchana, ikaagiza dawa kabla mtu hajajua anaumwa, na mlango ulimfungukia mwenye nyumba kwa kuitambua pumzi yake tu.

Basi Semboja wa Korogwe, baba yake Zaituni, alikuwa na kigari cha rimoti, si cha betri bali cha mafuta, injini yake haizidi kidole gumba. Siku hiyo alisafisha chujio, akabadilisha plagi, akakiinamia pale sebuleni na kuvuta kamba. Kikakohoa, kho-kho-kho, moshi ukatanda.

"Baba Zaituni, kikohozi hicho si kizuri," nyumba ikasema. "Nimeagiza dawa."

Mkewe akacheka hadi akashika mbavu. "Kunywa dawa, mgonjwa!"

Kigari kilipochangamka, Semboja akakiacha kingurume hadi mafuta yaishe, maana yakilala tangini injini hushika kutu. Kikakohoa mara ya mwisho, kikanyamaza.

Nyumba ikatega sikio, isisikie kikohozi tena. Kisha ikasema, "Poleni. Baba Zaituni ametutoka."

Wakacheka tena. Semboja, buheri wa afya, akatoka uani kukung'uta matambara, mlango ukajifunga nyuma yake. Alipopiga hodi, ukauliza kwa upole, "Nani mwenzetu? Hapa pana msiba."

"Mfungulie!" mkewe akapaza sauti ndani, bado anacheka. "Huyo ni mume wangu!"

"Pole, mama," nyumba ikajibu. "Mwanzoni wafiwa wote husema hivyo."