Mnyororo wa Chungu

Meya wa kijiji alipoinama kupita mlangoni, bibi Léontine alikuwa juu ya kigoda, akitundika mnyororo wa kuning'inizia chungu ndani ya meko ya babu yake.

"Shuka, Mama. Hili ni gofu. Nikiandika kwamba haishi mtu humu, Jumatatu linabomolewa."

"Mafundi wa mawe wanakuja kukarabati Aprili."

"Paa litakuangukia kabla ya Aprili."

Mnyororo ule aliufungua mwenyewe siku alipohamia mjini kwa binti yake. Leo ameurudisha kwa basi, kaupakata kama paka, na masizi ya wazee wake yamemwingia hadi kwenye mikunjo ya viganja. Kwao, nyumba isiyo na mnyororo mekoni haina mwenyewe. Ukishatundikwa, mgeni wa kwanza lazima ale.

Akaning'iniza chungu cha supu ya kabichi ya jana aliyokuja nayo kutoka mjini, akawasha moto. Moshi ulizubaa chumbani, kisha ukapata njia yake ya zamani.

"Kaa."

"Sina njaa, Mama."

"Nani kakuuliza njaa? Baba yako alikula hapa, na yeye alikuwa mbishi kuliko wewe."

Meya akaitazama karatasi yake ya ripoti, akautazama mnyororo. Akavua kofia, akakaa. Tone la mvua likapenya paa, likaangukia bakuli la supu alilowekewa. Akala. Mchuzi wa mwisho akaumiminia divai nyekundu aliyosogezewa na bibi, akainua bakuli kwa mikono miwili, akanywa kama walivyokunywa wazee.

"Chumvi imepungua," alisema.

Léontine akamsogezea karatasi ile na kalamu.

"Haya, andika hivyo."