Sufi Kwenye Kompyuta

Kompyuta ya marehemu mwana wa mzee Severini ilikuwa kubwa, ya zamani, na feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Humo tu ndimo ilimobaki sauti ya kijana, akiimba.

Mke wa mzee, masikio nayo yameshachoka, alikuwa anasikia ngurumo tu. "Anaimba kweli, mzee, au unanidanganya?"

Sasa jamani, Severini ni fundi wa mito na magodoro hapo Mlali, angefanyaje? Akachukua sufi, laini, kavu kabisa, akaishindilia kwenye kila tundu la mgongoni mwa kompyuta mpaka vidole vikamuuma. Ngurumo ikafifia, ikakata.

Na kijana akasikika. Mkewe akashika kifua. "Ndiye! Msikie anavyovuta pumzi kwanza!"

Severini akacheka, kiganja chake juu ya bati la kompyuta. Bati likapata joto. Likazidi, likamchoma. Akaanza kuchomoa ile sufi harakaharaka, ikatoka nyeusi, inafuka moshi. Wimbo ukakatika katikati, kioo kikazima.

Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena.

"Mbona umemkatiza?" mkewe akasema, bado anatabasamu. "Mwambie amalizie."