Matanga ya Beki Osewe

Okoth aliuza redio yake Ijumaa asubuhi, ikiwa bado na betri mpya. Mnunuzi alimuuliza kama ina kasoro. Alitingisha kichwa, akapokea pesa.

Ni kwa redio hiyo alikuwa akifuata mechi za ugenini za Chui wa Gatina, moyo ukimruka kila jina la beki Osewe lilipotajwa. Osewe alivunjwa mguu mwezi wa sita. Mwenyekiti wa klabu, Gerishon, aliwatuliza mashabiki: beki wao amelazwa hospitali kubwa, gharama zote ni za klabu, ila madaktari wamekataza wageni. Wakatulia, kwa kuwa maskini huamini haraka mtu mwenye suti. Kisha Gerishon akaja uwanjani na sura ya msiba, akasema Osewe ametutoka.

Mtaa wote wa Kawangware ulilia. Na mtu wa kule ziwani hazikwi makaburi ya Lang'ata kama asiye na kwao. Lazima alale kwenye boma la babake. Jeneza, gari na mafuta vilihitaji harambee, kwa hivyo karai likawekwa mbele ya duka la mwenyekiti. Nyawira, muuza githeri, alimwaga humo mauzo yake ya siku nzima.

"Huyo kijana alikuwa anakula kwangu," alisema akijifuta machozi. "Wacha aende kwao vizuri."

Okoth akaweka pesa ya redio. Yeye ni mtu wa mkokoteni, na mkokoteni wenyewe ni wa kukodi. Hakuwa na kingine cha kuuza.

Kesho yake alimfuata Gerishon. "Mwenyekiti, tunasafiri lini?"

"Mwili ulitoka jana usiku, buda. Familia ilikuwa na haraka."

"Na bibi yake? Si twende Kibera tumpe pole?"

"Adhis ameenda na mwili. Nyumba imefungwa. Nyinyi mmefanya part yenu, sasa mwacheni marehemu apumzike."

Lakini Okoth hakupata usingizi. Kumwacha mtu aende bila kumlilia ni sawa na kumtupa, na yeye alimpenda Osewe kama ndugu wa tumbo moja. Kwao, anayekuja kuomboleza huanza kupiga nduru akiwa bado mbali, ili boma lijue kilio chake kinakuja. Kama hawezi kufika kaburini, basi angalau angeulilia mlango wa marehemu, hata kama nyuma yake hamna mtu.

Jumapili, kanisa lilipotoka, alitembea kwa miguu mpaka Kibera, akateremka hadi upande wa Silanga. Muuza makaa mmoja alimwonyesha nyumba kwa kidole.

Hapo hapo Okoth akaiachilia nduru.

"Osewe omera, ndugu yangu! Umetuachia nani? Nani atatulindia lango?"

Alilia akitembea, mikono kichwani, makamasi na machozi vikichanganyika. Alililia lile bega lililokuwa likiwasukuma washambuliaji nje ya uwanja. Alilia kwa aibu ya kutofika hospitalini hata siku moja. Majirani walitoka wakamkodolea macho, na hakuna hata mmoja aliyejiunga na kilio chake. Watu wa mji, aliwaza kwa uchungu, wamesahau hata kulia. Akapiga magoti kwenye matope, akaegemeza paji la uso kwenye mabati ya mlango, akazidi kuliita jina.

"Adhis," sauti ya kiume iliyochoka ikasema kule ndani, "hebu angalia ni nani analia hivyo. Kama ni mtu wa klabu, mwambie aingie. Mwambie daktari amesema wakileta pesa wiki hii, mguu hautakatwa."