Mtoto wa Kiume wa Saba

Tarehe 9 Februari 1917, asubuhi ya theluji nyepesi, Binti Mfalme Ermelinde alifika kanisani kumzika askari. Marehemu alikuwa mtoto wa kiume wa saba kwao, kwa hiyo, kwa desturi ya nchi, mfalme ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo.

Mama mfiwa alimshika mkono kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi.

"Kikombe mlichompa alipobatizwa bado ninacho, Mtukufu. Na kaka yako, maskini, yuko kikosi gani? Nimwombee naye."

Ermelinde ndiye aliyemsihi baba yake amfiche kaka yake ng'ambo, shuleni.

Aliwageukia watu kanisani.

"Hayupo vitani, mama," alisema kwa sauti. "Nilimficha mimi. Naapa mbele yenu nyote, atarudi, naye atapigana."