Ngiri na Kura Aliyoidharau

Wanyama wa bonde moja kavu walibakiwa na bwawa moja tu la maji, wakaamua kumchagua mlinzi wake mpya kwa kura. Waliojitokeza walikuwa wawili, Korongo mwenye ahadi nyingi na Fisi mlafi.

Ngiri hakumwamini yeyote. Korongo alipopita akiahidi kwamba kila mnyama atakunywa kwa zamu, Ngiri alimjibu, "Hata aliyekutangulia alisema hivyohivyo, kisha akanywa peke yake."

Mchana jua likiwa kali, Fisi naye akafika. Hakuomba kura.

"Ndugu yangu, una haki ya kutotuamini," alisema. "Sisi wagombea wote ni walewale. Kesho jipumzikie nyumbani, usijichoshe bure."

Ngiri alifurahi kumpata mgombea mkweli. Lakini Fisi alipoondoka, Ngiri alimwona akiingia kwa Nungunungu, kisha kwa Kanga, wote walalamishi kama yeye. Akaanza kujiuliza kwa nini mlafi yule atembee na jua lote lile kwa ajili ya kura zisizo na maana.

Asubuhi Ngiri aliwapitia jirani zake, wakaenda kumpigia kura Korongo, naye akashinda.

Korongo alikuja kumshukuru. "Kwa hiyo sasa unaniamini?"

"Hapana," alisema Ngiri. "Ila nilimwona Fisi akiiogopa kura yangu, nikajua kumbe ina kazi. Nawe uiogope."