Mguu wa Mtahini

Mtahini alivua soksi, akaniwekea mguu juu ya kigoda. "Haya, anza kukanda."

Nikabaki na mafuta yananitiririka viganjani. Mguu wenyewe mrefu kama kasia, kidole gumba kimeota nywele.

"Mtahini mwanamke hayupo?"

"Kajifungua. Subiri mwakani."

Mwakani! Chumba changu cha kukandia miguu pale Mpendae kishatiwa kufuli mpaka nipate leseni. Na wake za watu wanaruhusiwa kuja kwangu kwa sababu moja tu: mikono hii haijapata kugusa mguu wa mwanamme.

Nikajaribu utani. "Basi nivae glavu, mwalimu?"

"Kanuni inataka mikono mitupu. Wadhani mie napenda? Udhu wangu nao unatenguka hapa."

Watahiniwa wenzangu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Bi Time hakucheka. Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza, na ndiye aliyewaombea wenzake ruhusa kwa waume zao, nyumba kwa nyumba. Leo kanisindikiza aniombee dua.

"Bi Time, nifanyeje?"

Akautazama mguu, akanitazama mimi. "Nikwambie nini, mwanangu?"

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, ukashtuka kama samaki. Nikaubonyeza wayo kwa gumba, polepole, kama ninavyowabonyeza wateja wangu.

"Mashaallah," mtahini akasema, macho kayafumba.

Nyuma yangu nikamsikia Bi Time anavaa viatu mlangoni.

"Mie natangulia," akasema. "Na hiyo leseni ukiipata, mwanangu, usije kunionyesha."